Kizibo Namba Saba

Dukani kwa Gichuhi, nyuma ya stesheni ya Nakuru,
vyombo vya waliohama vimekaa kama abiria
ambao treni yao ilifutwa bila tangazo:
masinia, mabuli, bakuli la supu lenye jogoo mfunikoni,
vijiko vyenye herufi za watu tusiowajua.
Yeye anaziita dekanta. Shangazi Nasambu aliita magudulia,
naye alisugua vyombo vya fedha kule Njoro miaka ishirini
asinywe hata maji katika bilauri zao.

Gichuhi ananionyesha kwanza linalong'aa.
Nakataa. Cha kung'aa sana kimesuguliwa juzi,
na aliyesugua alikuwa na la kuficha.
Nafanya nilivyofundishwa: nashika shingo,
napiga ukucha ubavuni, nasikiliza.
Kioo kizima huitika, na sauti hubaki hewani
kama mtu aliyeitwa jina lake la nyumbani.
Chenye ufa husema *tk*, basi.

La kwanza: *tk*.
La pili lina doa la mvinyo kitakoni,
limekula kioo; chumvi wala siki haitalitoa.
La tatu

ni fupi, lina makalio mapana,
na pete tatu shingoni ili mkono wenye mafuta usiteleze.
Nalielekeza dirishani. Ndani ya kioo kuna kiputo kimoja,
kidogo kuliko punje ya wimbi,
pumzi ya mpulizaji ambayo haikupata pa kutokea.

"Kizibo si chake," anasema Gichuhi, mkweli kwa bahati mbaya.
Nageuza. Shingoni pamekwaruzwa kwa sindano: 9.
Kwenye kizibo: 7.
Mahali fulani ipo saba nyingine imezibwa kwa gunzi.
Nakizungusha. Kinakwama, kinalia, kinakaa.
Hakikai kama aliyezaliwa hapo.
Kinakaa kama aliyeambiwa karibu.

Nyumbani Lanet ipo meza ya mvule ya Sigei, watu wanane:
wanne damu yake, wawili yangu, na sisi.
Katikati hukaa buli la marehemu Tabutany,
kauri nyeupe, mdomo uliovunjika ukagundishwa,
likimimina hudondosha pembeni, kitambaa kinalowa.
Hakuna aliyeniambia nisiliguse.
Hakuna aliyeniambia niliguse.
Miezi kumi na minne nalizunguka na sahani zangu
kama mgeni azungukaye ng'ombe aliyelala mlangoni.
Chelangat, kitinda mimba, huliosha mwenyewe.

Kwa hiyo sitafuti zuri. Zuri liko rafu ya juu,
lina nakshi za zabibu na bei ya mbuzi wawili.
Likikaa mezani litasema: mama ni mimi sasa.
Nataka la kukaa kando ya buli
bila kulipita kimo, bila kunywea pia.
Kipimo nimekiandika kiganjani kwa kalamu: inchi nane.
Hili ni saba u nusu.

"Elfu nne."
"Kizibo si chake, umesema mwenyewe."
"Tatu."
"Mbili mia nane, na ulifunge kwa gazeti la Jumapili,
lile ni nene."

Nalijaza juisi ya karakara, ya kuisha mchana huohuo:
kioo cha risasi hakilazwi na kinywaji, shangazi alisema.
Kipkemoi anauliza namba ni za nini. Namweleza.
Baba yake anatazama ugali.
Chelangat anapiga ukucha, bila kufundishwa,
nalo linaimba juu ya mrenda, refu, hadi kijana wangu anacheka.
Kisha anapiga buli la mama yake.

*Tk.*

Tunangoja, wote, vidole vina ugali.
Anafikiri. Anakiondoa kitambaa kilicholowa,
analeta kingine kabatini, kipana zaidi,
anakitandaza, anavisimamisha vyote viwili juu yake,
na kuuliza nani hajapata chai.